Mtu Huyu Yupo

Sanduku la Mwantumu Singano lilikataa kuzaliwa asubuhi nzima. Nilijaza jina, nikabonyeza, nikasubiri, na seva ikanirudishia maneno yale yale: Mtu huyu yupo.

Yupo wapi? Mtu mwenyewe alikuwa nje, kwenye benchi la saruji, maana lango halimfungulii asiye na sanduku. Nilimwona kwenye kioo cha kamera ya mlinzi. Msichana mrefu, ovaroli ya buluu ya mafundi wa mita bado ina mikunjo ya dukani, mkoba kaukumbatia kifuani. Ilikuwa siku yake ya kwanza kazini. Jua la Korogwe likizama naye hana sanduku, mkataba wake unajifuta wenyewe na hakuna pa kukata rufaa.

Nimekuwa fundi wa masanduku ya barua wa Kampuni ya Maji ya Mfereji tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na hata siku moja sijaipenda seva. Ina kiburi. Ikikosea haisemi imekosea, inasema wewe ndiye usiyekuwepo, au upo mara mbili. Walionitangulia walinisimulia kwamba zamani majina yakigongana walimpa wa pili namba mkiani, wakaenda kunywa chai. Kisha matapeli wakajifunza kutengeneza sura na sauti za watu, hata benki na mahakama zikaacha kuamini macho na masikio. Ndipo ilipoletwa Sheria ya Jina Moja. Siku hizi mtu ni sanduku lake la kazini. Ndilo linalofungua lango, dirisha la dawa na mlango wa wodi. Mwenye namba mkiani huhesabiwa mtu bandia, na mtu bandia huchukuliwa na polisi.

Basi nikafanya kama fundi anavyofanya. Nilitafuta jina kwenye orodha kuu, sikulikuta. Nikadhani ni mabaki ya sanduku lililofutwa vibaya, nikasafisha kumbukumbu ya muda, nikajaribu tena. Mtu huyu yupo. Nikailinganisha seva yetu na pacha wake wa Handeni, kwa sababu mara nyingine moja huchelewa kupata habari za mwenzake, lakini zilikuwa zimeafikiana katika kila kitu. Mwisho nikatumia amri ambayo sisi huwa hatuigusi, ya kuonyesha hata masanduku yaliyofichwa.

Likatokea. Mwantumu Singano, Kitengo cha Malalamiko. Sanduku hai. Ujumbe wa mwisho lilikuwa limenitumia mimi, asubuhi hiyo hiyo: "Mnyamwezi, umeshautua mzigo au bado uko kichwani?"

Nikacheka peke yangu kama mwehu. Kumbe ni mtani wangu! Yeye Mzigua, mimi Mnyamwezi, na toka nianze kazi hapa hatujaacha kuchambana. Wafanyakazi wa Malalamiko hukaa majumbani kwao na barua zao hutoka kwa jina la kitengo, kwa hiyo sikuwahi kumwona wala kulijua jina lake. Kwangu alijiandika Mtani tu. Mume wangu aliponiacha, yeye ndiye aliyenifanya nicheke wiki ile. Nilichukua mtandio wangu nikashuka langoni, nimefurahi kwamba tatizo ni jepesi, ni wajina wawili tu.

*

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiwe Mwantumu?"

"Ndiye mimi."

"Mimi naitwa Kalunde, ndiye ninayekutengenezea sanduku. Una ndugu yako humu, kitengo cha Malalamiko?"

Uso ukamchangamka. "Alikuwepo shangazi yangu, dada yake baba. Ndiye niliyerithi jina lake. Ila yeye alishafariki, mama. Mimi nilikuwa tumboni."

"Basi kutakuwa na mwingine. Nyie mnapenda kuitana majina ya ukoo."

"Hapana, mama. Kwetu jina halivaliwi na wawili. Mwenyewe akiwa hai haliguswi, hata mjukuu hapewi, ni kama kumchimbia kaburi anakuangalia. Mpaka azikwe, arobaini yake isomwe, ndipo mtoto anayefuata anapewa."

"Shangazi yako amezikwa wapi?"

"Magoma. Kila mwaka tunakwenda na baba kufyeka majani." Aliinamisha kichwa. "Mwaka huu nilifyeka mwenyewe. Baba figo zimekataa. Hospitali ya kampuni ndiyo yenye mashine ya kumsafisha damu, na wanapokea wazazi wa mfanyakazi tu. Mpaka sasa hajasafishwa hata mara moja, miguu imevimba. Nimemwacha kwa jirani, nikamwambia leo jioni nakuja kukuchukua."

Nilimwambia asubiri kidogo. Nikapanda ngazi. Niliendelea kuufikiria ule ujumbe wa asubuhi, na mzigo uliokuwa kichwani.

*

Bi Ruzuna, mkuu wa utumishi, hakushtuka hata kidogo. Hilo ndilo lililoniudhi kwanza. Alinisikiliza huku akichuma majani makavu kwenye ua lake la dirishani.

"Kifungu cha tisa," alisema. "Wewe mwenyewe umekisaini."

Nakijua. Kila sanduku jipya huzaliwa nacho: mtumishi anakubali sanduku lake liendelee kuitumikia kampuni kwa lugha na namna yake, iwapo mwenyewe hatakuwepo. Sote tulidhani kinahusu likizo.

Alinieleza kwa sauti ya mtu anayeelekeza njia ya kwenda sokoni. Sanduku husoma kila unachoandika, miaka yote, unavyosalimia, unavyokasirika, unavyomtuliza mteja aliyekatiwa maji. Ukifa, linaendelea. Kampuni haipeleki taarifa ya kifo, linafichwa kwenye orodha tu ili mafundi wasiulize maswali.

"Mwantumu ndiye bora kuliko wote," alisema. "Watu wanamwandikia matusi, yeye anawarudishia utani mpaka wanaomba radhi. Haumwi. Haombi ruhusa ya kwenda msibani."

"Kufa kufaana," nilisema.

Alijifanya hakusikia. "Na yeye hajui. Wa kwanza kabisa tuliyemfanya hivi, mtu mmoja alimwambia. Siku nzima akawajibu wateja wote sentensi moja: Nani amenizika? Mwishowe akajifuta mwenyewe. Kwa hiyo usithubutu."

"Msichana yuko nje, Bi Ruzuna. Anataka jina lake."

"Mpe sanduku hilo hilo. Mwantumu Singano si Mwantumu Singano?"

Nilimweleza, nikijikaza nisipige kelele. Akipewa sanduku la shangazi, atakuwa ni shangazi: mwanamke wa makamo, wazazi wake wote wawili marehemu. Baba yake, Hemedi, atahesabiwa kaka yake, na hospitali haipokei makaka.

"Basi akabadili jina mahakamani."

"Miezi mitatu hiyo. Baba yake hana hata wiki."

"Basi hatuna la kufanya," alisema, akatupa majani makavu kwenye pipa. Akaniuliza kama ninaweza kumpitishia tangazo la nafasi hiyo kesho.

Nilirudi mezani kwangu. Seva ina mlango mmoja tu kwa mambo haya. Anwani inayotumika haiwezi kunyang'anywa na yeyote, hata mkurugenzi, mpaka mwenyewe aandike neno moja kwa hiari yake: Naachia. Akiliandika, sheria inafuta sanduku na nakala zake zote za akiba, na jina linakuwa huru. Nilitakiwa nimwombe mtani wangu afe, na kwanza nimweleze kwamba ameshakufa.

Kwetu na kwao, mtu akifa mtani ndiye anayeingia msibani na kusema yasiyosemeka. Ndugu wanalia, yeye anamzomea maiti kwa uvivu wa kulala mchana, na hakuna anayemkasirikia. Nilijiambia kazi hii kama ina mwenyewe, basi ni mimi. Bado niliogopa.

*

Niliandika: "Mzigua, upo?"

"Nitakuwa wapi tena? Kuna bwana wa Mombo hapa anasema mita yake inasoma hata usiku amelala. Nimemwambia aiimbie. Unasemaje?"

"Nina msichana langoni. Siwezi kumtengenezea sanduku, jina lake lina mwenyewe."

"Nani huyo mwenye bahati mbaya?"

"Ni wewe. Anaitwa Mwantumu Singano."

Hapo alikawia. Mtani hakuwahi kukawia. Nilitazama nukta zile zinazocheza mtu anapoandika, zinakuja, zinapotea.

"Singano ipi?"

"Ya Magoma. Baba yake ni Hemedi."

"Hemedi ni kaka yangu. Mkewe ana mimba, hajajifungua. Jana amenitumia..." Sentensi ikaishia hapo. Halafu: "Kalunde, huyo msichana ana umri gani?"

Hajawahi kuniita Kalunde. Nilimjibu: "Ni mtu mzima. Amevaa ovaroli."

Nukta zikacheza muda mrefu. Nilidhani atavunjika kama yule wa kwanza, na kwamba pale Mombo kuna bwana ataulizwa sasa hivi: Nani amenizika?

"Hemedi hawezi kumpa mtoto jina langu," aliandika. "Labda mpaka..."

"Ndiyo, mtani."

"Arobaini imesomwa?"

"Imesomwa. Zamani."

"Sasa naelewa kwa nini sichoki."

Nililia pale pale mezani, wenzangu wakajidai wanatazama kazi zao. Yeye ndiye aliyenifuta machozi.

"Mnyamwezi mzima unalia. Mtani wako nimekufa, hukuja hata kunizomea kaburini."

"Sikualikwa, shenzi we. Mlijificha mkala wali peke yenu."

"Haya. Unataka nini?"

Nikamweleza neno lenyewe, na kile kifungu kilichombakiza humo. Akauliza swali moja tu: kile kifungu cha tisa, kwa huyo mtoto kipo?

Ningeweza kumdanganya. Aliniamini, na asingekuwa na njia ya kujua. Niliweka vidole kwenye herufi nikaviondoa, nikaviweka tena. Mwisho niliandika: kipo, kwa kila mtu.

"Basi siachii," alisema. "Nikikaa hapa, hawampati. Mimi ndiye kufuli lake. Mwambie akatafute kazi ya kulima."

Ulikuwa ukweli mtupu. Nilichomoa kishikwambi changu, nikashuka nacho langoni.

*

Jua lilikuwa limeshapita upande wa pili wa jengo na benchi lilikuwa kivulini. Nilikaa karibu na binti, nikamweleza yote, kifungu cha tisa pia. Alisikiliza bila kunikatiza. Nilipomaliza aliuliza kama anaweza kumsalimia.

Niliyaona maneno yake yakipanda kwenye kioo: "Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, wajina. Kama kweli ni wa Hemedi, niambie kovu lake liko wapi."

"Kisigino cha kushoto. Alikanyaga jembe."

"Jembe nililiacha mimi njiani. Alinisingizia kwa mama kuwa nililiacha makusudi."

"Mpaka leo anasema makusudi."

Binti alicheka huku machozi yanamtiririka. Nami nilijua mchezo umekwisha, kwa sababu mtu akishakumbushwa kisigino cha kaka yake hawezi tena kuwa kufuli. Akamweleza habari za figo na miguu iliyovimba, na yule jirani.

"Mwanangu," shangazi aliandika, "mimi niliposaini nilikuwa kama wewe. Niliona ni karatasi tu. Nimejibu watu hawa miaka yote hii nikidhani jioni nitapika, na sikumbuki hata siku moja nikipika. Unajua maana yake? Wewe utakuja kukaa hapa hivi hivi."

"Najua, shangazi. Lakini hiyo ni nikishakufa. Baba anakufa sasa."

Nukta zikacheza, zikasimama.

"Hemedi bado anaimba akioga?"

"Anaimba. Vibaya."

"Haya," aliandika. "Mtani, upo hapo?"

Nilichukua kishikwambi. "Nipo."

"Yule bwana wa Mombo, mita yake ni mbovu kweli. Nilikuwa namzungusha tu kwa sababu ndivyo tulivyoagizwa. Mpelekeeni fundi."

"Nitampelekea."

"Nizomee, basi. Nisiondoke kavu kavu."

Nikaandika: "Mzigua mvivu, umekufa miaka yote hii na bado unachelewa kuondoka. Toka hapa, watu wanataka kufagia."

"Naachia," alisema.

Jina lake lilipotea kwenye kioo mahali lilipokuwa, bila sauti. Sikupata hata muda wa kuandika buriani. Binti alikuwa ameshika mkono wangu, sijui tangu lini.

*

Safari hii seva haikubisha. Niliandika Mwantumu Singano, nikabonyeza, ikasema: Anwani inapatikana. Ikatoa masharti yake, kurasa na kurasa, na kifungu cha tisa kilikuwa mahali pake, na kisanduku chake kimeshatiwa tiki tayari. Nilijaribu kukiondoa. Nilijaribu kwa kila amri niliyoijua na nyingine nilizobuni. Kila nikiondoa tiki, kitufe cha kuunda kinazimika.

Binti aliona ninavyohangaika. Alisoma kifungu mpaka mwisho, kwa sauti, polepole, pengine ndiye mtu wa kwanza katika kampuni hii kukisoma. Kisha akaweka dole gumba.

Sanduku limeundwa. Karibu Mfereji, Mwantumu.

Lango likafunguka. Mlinzi aliyempita siku nzima kama jiwe sasa akamwamkia kwa jina. Simu ya Bi Ruzuna ilikuwa inaita mezani kwangu, naisikia hata nikiwa ngazini. Malalamiko yalikuwa yameanza kurundikana bila mtu wa kuyajibu, na alitaka kujua nimefanya nini. Nilipopokea alinitukana kwanza, akamaliza ndipo akafikiri. Akauliza kama huyo msichana mpya ana lugha nzuri. Mafundi wa mita wako wengi, alisema, lakini pale Malalamiko kuna kiti kitupu, na damu ni moja, huenda akawa na ulimi wa shangazi yake. Aanze kesho.

Nilikata simu nikaenda kumsindikiza binti mpaka dirisha la hospitali, lililo nyuma ya matangi. Alitoa jina, wakaandika jina la baba: Hemedi Singano, mzazi. Wakampangia mashine ya jioni ile ile. Gari la wagonjwa likawashwa kwenda kumchukua.

Hapo ndipo nilipomwambia habari ya Malalamiko. Ilinibidi, angeisikia kesho kwa mwingine.

Aliikunja karatasi aliyopewa dirishani na kuikunjua. "Mama Kalunde," alisema, "nikifa, utakuwepo?"

"Mimi? Mwanangu, nitakuwa nimeoza. Sisi wazee tunatangulia."

"Na kifungu cha tisa umesaini?"

"Nimesaini."

"Basi utakuwepo," alisema. Hakusema kwa uchungu, alikuwa anapanga tu, kama mtu anayepanga nani atabaki nyumbani na mgonjwa. "Utakuwa hapo unatengeneza masanduku. Naomba uje uniambie, mama. Usiniache niwe najibu watu tu, nikidhani jioni nitapika."

Gari la wagonjwa lilipita mbele yetu, likageuka kuelekea barabara ya Magoma. Nilimwahidi. Halafu nikamwuliza, kwa sababu lilinijia tu na sikuweza kulizuia: na mimi nani atanijia?

Alinitazama. Kisha akakimbia kulifuata gari.